Kumpa mtoto wa Kiislamu jina la Adeodato: je, ni shirki?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mwanamke wa Malindi, naishi Bergamo, Italia, na mume wangu ni Mwitaliano aliyesilimu kabla ya kunioa. Nina mimba ya miezi minane, mtoto wa kiume. Baba mkwe ni mgonjwa sana na ana ombi moja tu: mjukuu apewe jina lake, Adeodato. Mume wangu ameshamkubalia. Kaka zangu wamenitumia kwenye simu sauti ya ustadhi anayesema kila jina lisilo la Kiarabu ni haramu, na kwamba "Deo" ni mungu wa Warumi, kwa hiyo kumwita mtoto hivyo ni shirki. Mama hapokei tena simu zangu. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, swali lako limeninyima raha. Mjamzito wa miezi minane aliye mbali na kwao anatumiwa neno "shirki" kwenye simu kana kwamba ni salamu. Neno hilo, yaani kumshirikisha Mungu na mwingine, ni zito kuliko yote katika dini yetu, na aliyelitamka hakujisumbua hata kuuliza jina lenyewe lina maana gani.

Adeodato ni maneno matatu ya Kilatini yaliyoshikana: a, Deo, dato. Maana yake ni "aliyetolewa na Mungu", mtoto ambaye wazazi wake wamepewa na Mungu. Waitaliano wanalo pia kwa sura ya Deodato na Diodato, ingawa Diodato siku hizi utalikuta zaidi kama jina la ukoo. Wafaransa husema Dieudonné, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi wanalijua sana. Waajemi husema Khudadad. Waarabu wana Atallah na Hibatullah, na sisi pwani tuna Hiba, Tunu na Zawadi. Maana ni moja, ndimi ndizo mbalimbali.

Asili yake nayo inafaa kujulikana. Mtu maarufu wa kale aliyeitwa hivyo ni Adeodatus, mtoto wa Agostino, yule mwanachuoni wa Kikristo aliyezaliwa Thagaste, mji ambao leo ni Souk Ahras, Algeria. Mtoto huyo alizaliwa yapata mwaka 372. Katika Afrika ya Kaskazini ya zama hizo majina ya namna hii yalipendwa, na wataalamu wa majina wanayaunganisha na desturi ya watu wa Carthage waliokuwa wakiwaita watoto wao "zawadi ya Baal". Baal ni sanamu lile lile ambalo Nabii Ilyas aliwakemea watu wake kwa ajili yake: "Je, mnamwomba Baal na mnamwacha Mbora wa waumbaji?" (37:125). Waliokuja baadaye walilitupa jina la sanamu wakaweka Mungu mahali pake. Kwa hiyo jina hili ambalo kaka zako wameambiwa ni la shirki lilichukua nafasi ya jina lililokuwa la shirki hasa.

Huko Italia leo ni jina adimu sana kwa watoto. Tangu 2018 jina linaloongoza kwa wavulana ni Leonardo, na kabla yake lilikuwa Francesco. Adeodato limebaki kwa wazee kama baba mkwe wako, katika nyumba ambazo bado zinashika ada ya mjukuu kurithi jina la babu.

Sasa nije kwenye hiyo sauti uliyotumiwa.

Anasema kila jina lisilo la Kiarabu ni haramu. Basi na afungue msahafu, Suratul Baqara aya ya 136, asome: "ilaa Ibraahiima wa Ismaa'iila wa Is-haaqa wa Ya'quuba". Mwanafunzi yeyote wa madrasa aliyefika kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, atamwambia kwamba baada ya "ilaa" tulitarajia kasra (irabu ya "i") mwishoni mwa jina, na hapa tunasoma fatha (irabu ya "a"). Kwa nini? Kwa sababu haya ni majina ya kigeni, na Waarabu waliyapa hukumu yake katika sarufi kwa ugeni huo. Majina ya Mitume wenyewe, ndani ya Qur'ani yenyewe, si ya Kiarabu! Bi Mariya aliletwa kutoka Misri akiwa na jina hilo, akamzalia Mtume (rehema na amani zimshukie) mwanawe Ibrahim, na hakubadilishwa jina. Imam Bukhari ambaye kila siku tunamtaja juu ya mimbari, babu wa babu yake aliitwa Bardizbah, jina la Kiajemi, na wanavyuoni wameliandika katika nasaba yake bila haya.

Mtume alibadilisha majina, ni kweli. Lakini tazama aliyobadilisha. Mwanamke aliyeitwa 'Aasiya (kwa herufi ya ain, si Asiya wa mke wa Firauni), yaani muasi, alimwita Jamila. Mtu aliyeitwa Hazn, yaani ugumu, alimtaka awe Sahl, yaani wepesi. Haya yote ni majina ya Kiarabu safi! Alichokiangalia ni maana. Aliyegeuza jambo hili likawa la lugha amezua sharti ambalo halikuwekwa na mwenye dini.

Hoja yake kubwa nadhani ni hadithi ya "anayejifananisha na watu basi yeye ni katika wao". Hadithi tunaikubali. Lakini kujifananisha kunakokatazwa ni katika yale yanayowahusu wao peke yao. Mwanachuoni Ibnul Qayyim, alipozungumzia majina ya watu wa Kitabu, aliyagawa mafungu matatu: ya Waislamu pekee, ya makafiri pekee kama Jirjis, Butrus, Yuhanna na Matta, na yale wanayoshirikiana wote. Katika hili fungu la tatu alitaja Atiyya na Mawhub. Atiyya ni kipawa, Mawhub ni aliyetunukiwa. Hiyo ndiyo maana ya Adeodato.

Na hili la "Deo ni mungu wa Warumi" ndilo lililonisikitisha zaidi. Deus ni neno la Kilatini la kumtaja Mungu. Warumi walilitumia kwa miungu yao, kama Waarabu wa Jahiliya walivyolitumia neno "ilah" kwa masanamu yao. Mwislamu wa Italia leo akisema "Dio" anamkusudia Mola Mmoja. Na sisi je? "Mungu" ni neno la Kibantu. Babu zetu walikuwa nalo kabla Uislamu haujafika pwani. Ustadhi huyo akilishikilia neno kwa historia yake, itabidi anyamaze kimya, maana hata yeye katika ile sauti bila shaka amesema "Mwenyezi Mungu".

Nisieleweke kwamba kila jina la Kitaliano linafaa. Lingekuwa Crocifisso, yaani aliyesulubiwa, ningekwambia hapana, kwa sababu linapingana na Suratun Nisaa aya ya 157, inayosema Nabii Isa hakusulubiwa. Cristoforo, mbeba Kristo, hapana. Pasquale, lililotokana na Pasaka yao, hapana pia. Adeodato linaruhusiwa. Abdullah na Abdurrahman ni bora zaidi kwa hadithi sahihi, lakini bora kukosekana si haramu kutendeka.

Lakini lina mtego mmoja, ujihadhari nao. Watoto wa shule watalikata. Wakibakiza "Deo" peke yake, mtoto atakuwa anaitwa Mungu. Ni kosa lile lile tulilolizoea nyumbani tunapomwita Abdulrazak "Razak" na Abdulrahman "Rahman". Mzoesheni tangu mdogo kifupi kingine, kama Ado, kabla wengine hawajamchagulia.

Nakushauri mumuongezee jina la pili, Hibatullah, ambalo ni tafsiri ya la kwanza. Sheria ya Italia inaruhusu hadi majina matatu, ila angalia mkato. Mkiandika "Adeodato, Hibatullah", vyeti vitatoka na jina la kwanza tu. Andikeni "Adeodato Hibatullah" bila mkato, yatoke yote mawili. Mkikosea, kurekebisha ni kumwandikia prefetto, yaani mwakilishi wa serikali kuu mkoani, maombi, na tangazo kubandikwa siku 30. Hospitali itawapa siku tatu za kuandikisha. Msiharakishe, kwa sababu ofisi ya Comune, yaani manispaa, inatoa siku kumi, na siku ya saba ya akika, ya kumchinjia mtoto mnyama, inaingia humo.

Mpaka wako na ukweni uwe ubatizo. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa halimbatizi mtu, lakini bibi yake akitaka kumpeleka kanisani, mume wako aseme hapana, kwa upole na mapema, kabla mtoto hajazaliwa. Tarehe 8 Novemba Wakatoliki humkumbuka papa aliyeitwa Adeodato. Babu akimletea mjukuu zawadi siku hiyo pokeeni, ila msiifanye sikukuu yenu. Mumeo amemkubalia baba yake mgonjwa katika jambo la halali, na Allah amesema kuhusu wazazi wasio Waislamu: "na kaa nao kwa wema duniani" (31:15). Huo ni wema mkubwa, msaidie kuutimiza.

Kuhusu mama, usimtumie hukumu hii kama jibu la ugomvi. Mpigie shangazi au jirani anayemsikiliza, amwambie tu: mjukuu wako anaitwa Hibatullah, na kwa Kitaliano husemwa Adeodato. Kisha hamishia akika Malindi. Huko uliko kuchinja nyumbani hakuruhusiwi, lazima machinjio yenye kibali. Watumie kaka zako pesa za mbuzi wawili, kila mmoja awe ametimiza miaka miwili na hana kilema. Siku ya kuzaliwa ihesabuni kuwa ya kwanza. Akizaliwa usiku, anzeni na mchana unaofuata. Nyama ipikwe, wagaiwe mafukara na majirani, na kaka yako mkubwa ndiye alitaje jina la mtoto wakati wa kuchinja.

Wallahu a'lam.