Kabla hujahamia Tanga kutafuta hela, angalia mji unakula wapi

Siku hizi hazipiti siku nyingi bila mtu kunipigia, kaka niuze vyangu Dar nije Tanga, si bomba linakuja? Bomba lenyewe ni la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani. Mi nasema njoo, ila usije kwa ajili ya bomba peke yake, maana likishafukiwa halihitaji watu wengi kama wakati wa kulijenga, na wale waliojaza vyumba vya kupanga na mabanda ya mama ntilie wanafungasha.

Sisi tuliokulia hapa hayo tunayajua. Mkonge aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikapona miche 62 tu, na miaka ya 60 mwanzoni nchi yetu ndo ilikuwa inaongoza duniani, manamba, yaani vibarua wa mashamba, wanatoka mikoa ya mbali na Msumbiji kuja kukata. Afu zikaja kamba za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha 1967, korona, yaani mitambo ya kusindika mkonge, moja baada ya nyingine zikazimwa. Bei haikuwa inapangwa Tanga, hilo lishike sana.

Kwa hiyo mji wowote unaotaka kuwekeza, uliza biashara kubwa ikifa kinabaki nini. Tanga imebaki bandari, zamani meli zinatia nanga mbali mizigo inashushwa kwa matishari, sasa wamechimba kina mpaka mita 13 na meli inafunga gatini kabisa. Yamebaki mawe ya chokaa yanayolisha viwanda vya simenti, hayo hayahami. Na wamebaki mafundi! Dukani kwangu Ngamiani nauza vipuri, na mteja wangu mkubwa ni mzee aliyekuwa anakereza shafti kiwandani, kilipofungwa akatafuta mashine yake mwenyewe ya kukereza vyuma, leo anahudumia korona za mashamba yaliyofufuliwa, malori ya simenti, mashine za kusaga unga, hata bodaboda, yaani kazi moja ikipungua nyingine ipo, na vijana anaowafundisha wanafungua gereji zao humuhumu mtaani.

Ukija anza na kupanga fremu, usikimbilie kiwanja. Kaa nayo, chunguza wateja wako wanalipwa na nani. Ukiona wote mshahara wao unatoka kwa mkandarasi mmoja, tafuta kwanza wateja wa bandarini au wa mashambani huko Muheza na Korogwe, ndo ufikirie kujenga.