Ruzuku inalipia nini hasa? Kwa wanaoanza kazi kwenye biashara za kijamii

Ukiingia kwenye biashara ya kijamii inayoajiri watu waliotengwa, kama waliotoka gerezani, wenye ulemavu, walioacha dawa za kulevya au vijana ambao hakuna aliyewahi kuwapa kazi, usianze kwa kuuliza serikali inatoa shilingi ngapi. Uliza fedha hiyo inalipia nini. Dibaji ya sera huwa tamu siku zote. Ukweli uko kwenye vifungu vya malipo, kule nyuma ambako wengi hawafiki.

Soma kwanza tafsiri ya maneno, yaani sheria inamhesabu nani. Nchini Italia, Sheria namba 381 ya mwaka 1991 inautaka ushirika wa kijamii wa aina B, yaani ule wa kuwapa kazi watu waliotengwa, uwe na walau asilimia 30 ya wafanyakazi kutoka makundi yaliyotajwa, na kwa hao mwajiri hupata nafuu ya michango ya hifadhi ya jamii. Kenya, kwa sheria yake ya ununuzi wa umma ya 2015, inatazama umiliki: walau asilimia 70 ya wanachama wa biashara wawe wanawake, vijana au watu wenye ulemavu, na uongozi wote uwe mikononi mwao. Sheria ya kwanza inamtafuta anayehitaji kuajiriwa, ya pili inamtafuta mwenye biashara. Mpango uliobuniwa kwa moja hauwezi kuombewa fedha kwa nyingine kwa kubadilisha jalada tu.

Angalia pia asilimia inapigwa juu ya nini. Wafanyakazi 10 wa kawaida na walengwa 3, yaani wale waliotengwa: ukihesabu wote 13, una asilimia 23, ukiwalinganisha na wale 10 peke yao, una 30. Vyovyote iwavyo, ajiri mmoja au wawili zaidi ya kiwango. Anayeacha kazi Ijumaa anaweza kukuondolea sifa kabla ya Jumatatu.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo ndiyo kazi. Chukua mshahara wa mwezi wa mfanyakazi mmoja kuwa 100. Tuseme anayeanza anatoa kazi ya thamani ya 50, kwa hiyo pengo ni 50. Msimamizi analipwa 150. Penye kazi za kawaida anasimamia watu 15, yaani 10 kwa kila mmoja. Kwenu atasimamia 5, yaani 30. Ongeza hiyo tofauti ya 20. Gharama halisi ya kumchukua mtu huyu ni 70 kwa mwezi. Baada ya miezi sita tija ikifika 70, gharama hiyo inashuka hadi 50. Mwaka ukiisha tija ikiwa 80, bado kuna 40.

Weka kando yake ruzuku ya 50 kwa mwezi, ya mwaka mmoja, sawa kwa kila mtu. Mwanzoni unapungukiwa 20, katikati unatoka sare, na mwezi wa 13 una shimo la 40 lisilo na mwenyewe. Waombaji wengi huandika kwamba kufikia hapo "mradi utajitegemea". Usiandike hivyo kabla hujaonyesha ni mkataba gani wa mteja utakaobeba hiyo 40.

Kisha kuna muda, na hapa ndipo biashara nyingi zinapokufa zikiwa na barua ya kukubaliwa mkononi. Ruzuku ikilipwa kila robo mwaka baada ya kazi, na uhakiki ukichukua miezi miwili, unasubiri miezi mitano. Kwa watu 8 hiyo ni 50 × 8 × 5 = 2,000, sawa na mishahara 20 ya mwezi. Fedha hiyo itoke mfukoni mwenu au kwa mkopo. Omba malipo ya awali kabla ya kusaini. Baada ya saini hakuna atakayekusikiliza.

Ruzuku ya bei moja ina ubaya mwingine: inawavuta waajiri kuchagua wepesi. Kama aliyekosa kazi miezi mitatu na aliyekaa gerezani miaka kumi wanalipiwa sawa, utajua nani ataitwa kwenye usaili. Dawa yake ni viwango tofauti kulingana na ugumu, na malipo kwa hatua, kwa mfano anapoanza, wiki ya 13 na wiki ya 26. Ukialikwa kutoa maoni kwenye rasimu ya mwongozo, pigania hilo kuliko kuongezewa kiasi.

Ushahidi wa kustahili ukusanywe siku ya kwanza. Cheti cha ulemavu, barua ya kuachiliwa au ya ofisi ya ustawi wa jamii, mkataba wenye tarehe na saini. Mtu akishaondoka humpati tena, na mkaguzi akikosa karatasi moja anakata ruzuku ya mtu huyo ya mwaka mzima. Mafaili hayo yafungiwe kabatini, na daftari la mahudhurio lisitaje sababu ya mtu kuwa mlengwa. Wenzake hawahitaji kujua alikuwa jela.

Kwenye zabuni, soma kitenzi. Sheria ya Uingereza ya thamani ya kijamii ya 2012 inazitaka taasisi za umma *kufikiria* manufaa ya kijamii zinaponunua huduma. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2014 *linaruhusu* zabuni kutengewa waajiri ambao lengo lao kuu ni kuwaingiza kazini wenye ulemavu au waliotengwa, na ambao walau asilimia 30 ya wafanyakazi wao ni watu hao. Kenya *inalazimisha* walau asilimia 30 ya manunuzi itengewe biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Penye "fikiria", kazi yako ni kumwona ofisa ununuzi wakati mpango wa mwaka unaandaliwa, kwa sababu tangazo likishatoka vigezo havibadiliki. Mwombe agawe kazi katika mafungu madogo na asidai mauzo ya miaka mitatu kwa kazi ya usafi wa jengo moja. Penye "lazima", hatari ni majina ya kukodi: tajiri anamweka mwenye ulemavu kwenye fomu na kumpa chochote kila baada ya malipo. Usikubali kuwa mshirika wa kampuni kama hiyo, hata kwa kazi ndogo.

Na kabla ya siku ya kwanza ya kazi, andika kwenye mkataba wa zabuni cheo cha atakayesaini hati ya kupokea kazi iliyokamilika na cha msaidizi wake. Bila saini hiyo ankara haisogei, na aliyepaswa kusaini ana likizo ya siku 28.