Baa ina wenyewe wawili, sahani haina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mbona chakula na huduma katika baa za mitaani vimezorota, na nani wa kulaumiwa? Wengi watataja gharama ya maisha, na gharama ipo kweli. Tangu ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii upigwe marufuku Februari 2018, marufuku ambayo serikali ilitangaza kuiondoa 2023, bei ya makaa imekuwa ya kuumiza kichwa. Lakini hapa Nakuru, kuanzia Free Area hadi Lanet, kuna baa zinazotazamana, zinanunua makaa kwa mchuuzi mmoja na mbuzi wale wale wanaoshuka kutoka Baringo, na bado moja inachoma vizuri huku nyingine ikikuletea kitu cha kutafuna kama soli ya kiatu. Gharama haiwezi kueleza tofauti hiyo. Inaelezwa na makubaliano kati ya mwenye baa na mwenye jiko.

Baa ya mtaani kwa kawaida si biashara moja. Mwenye leseni ya pombe anamiliki kaunta, viti na televisheni. Bucha na jiko vimekodishwa kwa mtu mwingine, mara nyingi kwa kodi ya siku ambayo lazima ilipwe jioni hata kama mvua imenyesha na watu wamebaki nyumbani. Siku ikiwa mbaya, mwenye jiko anatafuta pa kuitoa kodi hiyo: makaa yanapunguzwa, mafuta ya kukaangia yanaongezwa siku, nyama ya jana inarudi motoni. Mwenye baa anaona na kunyamaza, maana faida yake iko kwenye chupa. Weita naye hakuajiriwa na jiko. Ukisema ugali ni mbichi, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Ukitaka kujua kama umekaa katika baa ya namna hiyo, ngoja wakati wa kulipa: ukipewa nambari moja ya M-Pesa ya vinywaji na nyingine ya chakula, basi.

Jambo la pili ni saa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo watu bado wanaiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, inaruhusu baa ya kawaida kuuza kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Kwa hiyo biashara ya siku nzima imebanwa ndani ya saa 6, na wateja wenyewe wanaingia kwa pamoja baada ya kazi. Kilo moja ya mbuzi inataka dakika 45 hadi saa nzima juu ya makaa. Wavu wa urefu wa mita moja hauwezi kubeba zaidi ya kilo 8 au 10 bila kurundikwa. Siku ya mpira, oda zote zinaingia mapumzikoni, katika zile dakika 15. Mpishi ana mawili tu: mteja angoje, au nyama iwe imetangulizwa.

Kutanguliza nyama si kosa. Unaweza kuichoma hadi karibu theluthi mbili, ukaiweka pembeni mwa jiko inakobaki ya moto usioshikika kwa mkono, yaani zaidi ya nyuzi 60, kwa saa 2 hivi zisizozidi, halafu ukaimalizia dakika 10 hadi 15 mteja anapoagiza. Ila kinachofanyika sana ni kingine. Nyama inachomwa saa 9 mchana, inafunikwa kwenye sufuria, inapoa polepole hadi vuguvugu, na saa 2 usiku inababuliwa juu juu ili itoe moshi. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaana, na kubabua juu hakufiki ndani kwenye mfupa. Wengine wanachemsha kwanza. Ukichemsha, ladha inahamia kwenye maji, na maji hayo yanauzwa kama supu, kwa hiyo mwenye jiko ameuza kitu kimoja mara mbili. Nyama iliyochemshwa utaijua: rangi ni moja ya kijivu kutoka juu hadi katikati, nyuzi zinaachana zenyewe, mfupa umetoka mweupe safi na mafuta hayana harufu ya moto. Iliyochomwa mbichi ina ukoko wa kahawia, na chini yake rangi inabadilika taratibu.

Uchomaji wenyewe hauna siri kubwa. Makaa ya mti mgumu, mgunga hasa, yaachwe hadi yavae jivu jeupe. Wavu uwe juu yake kiasi cha sentimita 15 hadi 20. Mbavu zianze upande wa mfupa. Maji ya chumvi yanyunyizwe nyama ikianza kuiva, si mwanzoni, maana chumvi ya mapema inavuta maji nje. Mafuta yakidondoka na kuwasha miali, nyama inasogezwa. Haimwagiwi maji, kwa sababu maji yanarusha jivu lote juu yake. Ikitoka, ipumzike dakika 5 hadi 10 kabla ya kukatwa. Jikoni kwenye haraka, hatua hii ya mwisho ndiyo inayoachwa kwanza, na ndiyo maana sinia linakufikia likiogelea katika maji mekundu huku nyama yenyewe ni kavu.

Kuhusu kilo, wateja nao wana lawama zisizo na msingi. Kilo moja ya mbuzi mbichi mwenye mifupa, ikiiva, inabaki kama gramu 650 hadi 750. Hakuna aliyekuibia hapo. Wizi uko kwenye mizani kabla ya moto: mshale hauanzi kwenye sifuri, sinia halikutolewa uzito wake, au umechagua mbavu na ukageuka tu kutazama televisheni, kipande cha shingo kikapanda. Mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo kila mwaka, na muhuri huo unaonekana. Njia ya mkato ya kuipima ni chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Inapaswa kusoma gramu 500 na kitu, kama 520. Ikisoma 600, usiagize kwa kilo mahali hapo. Nyama yenyewe iwe na muhuri wa mkaguzi, ile wino kwenye paja na mbavu.

Tazama pia gogo la kukatia nyama. Likiwa moja tu, linalokatiwa mbichi ndilo linalokatiwa iliyoiva, na kisu ni kile kile, basi uchomaji wote umepotea bure. Yanatakiwa magogo mawili na visu viwili, vyenye rangi tofauti mpinini ili asiwepo wa kusingizia usahaulifu. Gogo likwanguliwe kila usiku, lisuguliwe kwa chumvi na maji ya moto, lisimamishwe likauke. Lenye nyufa zinazoingiza ukucha likawe kuni.

Sasa chipsi, na hapa Nakuru hatuna kisingizio, maana viazi vya Molo na Mau Narok viko mlangoni. Kiazi kinachotawala ni Shangi. Kinaiva haraka, lakini hakikai: kinachipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Mwenye jiko akinunua gunia la kukaa mwezi kwa sababu bei ilikuwa nzuri, nusu ya mwisho itakuwa imechipua na kupata ukijani, na ukijani huo hauondoki kwa kukaanga. Akikiweka kwenye friji la bia ili kisichipue, wanga unageuka sukari na chipsi zinakuwa nyeusi nje huku ndani ni mbichi. Viazi vinunuliwe vya kutosha siku 5 hadi 7 na vikae gizani penye hewa.

Chipsi nzuri zinakaangwa mara mbili: kwanza mafuta ya nyuzi 150 hadi 160 kwa dakika 5 hivi, zilainike bila kubadilika rangi, kisha zipumzike, kisha nyuzi 180 kwa dakika 2 au 3. Hapo ndipo baa ingepata nafuu, kwa kuwa awamu ya kwanza inafanywa jioni mapema na oda ya mapumziko ya mpira inatoka kwa dakika 3. Badala yake unakuta sufuria ya lita 5 za mafuta imetupiwa kilo 2 za viazi vibichi vyenye maji. Joto linaanguka, viazi vinanyonya mafuta, na unapewa chipsi zilizolala. Lita 5 zinabeba nusu kilo, ikizidi sana robo tatu.

Mafuta yenyewe yanaharibiwa na maji, chumvi, makombo na moto uliopitiliza. Yakianza kutoa moshi kabla hujaweka kitu, yakifanya povu dogo lisiloisha, au yakinata ukiyashika, yamekwisha. Kuongeza lita moja mpya juu ya nne zilizokufa ni kuiua hiyo mpya. Yachujwe kwa kitambaa kila usiku yakiwa vuguvugu, na chumvi iwekwe kwenye sahani, kamwe si juu ya sufuria. Na soseji zisikaangwe humo humo, jamani.

Matumbo na maharagwe yana shida nyingine isiyotajwa. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mapishi ya saa 2 ya Mombasa yanataka saa 3 hapa, au sufuria ya presha. Mpishi anayebana gesi anayatoa kabla. Kachumbari ikatwe oda inapoingia. Iliyokatwa mchana ina dimbwi chini ya bakuli. Sosi ya nyanya iliyoongezwa maji utaitambua kwa kifuniko kinachofyatuka ukikigusa, kwa kuwa imeanza kuchacha.

Nikija kwenye huduma, nitamtetea weita. Katika baa nyingi anafanya kazi kwa floti: anainunua bia kaunta kwa pesa aliyopewa mwanzoni mwa zamu au yake mwenyewe, anakuuzia, na meza ikikimbia bila kulipa, hasara ni yake. Mtu huyo hawezi kuwa mbali na meza zake kwenda dirishani kufuatilia mbavu zako ambazo hazimpi hata shilingi. Kwa hiyo anawapenda wanaokunywa haraka, na meza ya familia inayokula sana na kunywa soda mbili anaikwepa. Utamwona mvivu, kumbe anafanya hesabu. Dalili ya kwanza kwamba huduma imekufa ni maji ya kunawa: zamani yalikuja na jagi, vuguvugu, na beseni na sabuni. Sasa unaonyeshwa sinki kwa kidole.

Dawa yake ni ya karatasi. Kijitabu cha oda chenye nakala, kinachoitwa kepteni oda hotelini: nakala moja jikoni, nyingine kaunta, imeandikwa meza, kilo, aina ya upishi na saa. Bili iwe moja. Weita apate asilimia ndogo ya chakula pia. Meza 6 hadi 8 kwa mtu mmoja zinatosha, na usiku wa mpira awepo mmoja ambaye kazi yake ni kubeba chakula tu.

Bia moto, wakati umeagiza baridi, ni kosa la ratiba. Kreti zikiletwa saa 10 jioni na kusukumwa zote kwenye friji, hazitakuwa baridi kabla ya kufunga. Friji lijazwe usiku baada ya kufunga, mpya nyuma, za zamani mbele, wala lisizimwe asubuhi ili kuokoa tokeni za umeme. Bana noti kwenye mlango. Ikichomoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Glasi zioshwe kwa beseni 3: sabuni, maji safi, kisha kijiko kimoja cha mezani cha dawa ya klorini kwa lita 10 za maji, na zikaushwe zimepinduliwa, si kwa kitambaa kilichofuta meza.

Kwa mwenye baa ningeshauri jambo moja kabla ya kumfukuza mpishi: aache kodi ya siku, achukue asilimia ya mauzo ya jiko, sema 10 hadi 15. Jiko likilegea, naye atasikia mfukoni. Mkataba utaje mafuta yanabadilishwa lini, jiko linafungwa saa ngapi, na kwamba kila anayeshika chakula ana cheti cha afya kisichopita miezi 6. Ubao wa vyakula nao upunguzwe. Baa yenye mbuzi, kuku, ugali, chipsi na sukuma, vyote vipo, ni bora kuliko ile yenye majina 20, pilau na piza, na jibu la "hiyo imeisha" kuanzia saa 1.

Na mteja? Lalamika sinia likiwa bado zima, si limebaki mifupa. Nenda dirishani mwenyewe ukiwa na nakala ya oda au saa uliyoagiza, na udai irudishwe motoni au ibadilishwe. Punguzo la bei ukilikubali, nyama ya namna hiyo hiyo itauzwa kesho. Mkiugua, andikeni nani alikula nini na dalili zilianza saa ngapi. Kutapika ndani ya saa 1 hadi 6 mara nyingi ni sumu iliyokwishatengenezwa kwenye chakula kilichokaa, na kuhara kunakoanza kesho yake kunaweza kuwa ni nyama isiyoiva au gogo. Mabaki, hata kipande kimoja, yafungwe kwenye chombo safi, yakae kwenye friji bila kugandishwa, na asubuhi yapelekwe kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo pamoja na risiti.

Msomaji, Nakuru