Furaha Isiyoruka Kilio

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mkristo anawezaje kuwa na furaha wakati wa shida?" Nianzie pale tunapokosea mara nyingi. Mtu amefiwa, au kazi imeisha, au mgonjwa wake hapati nafuu, naye anaambiwa afute machozi akiri ushindi. Anaimba, anapiga makofi, kisha anarudi nyumbani na mzigo uleule, sasa umeongezewa hatia kwamba imani yake ni haba.

Fungueni Waraka kwa Wafilipi. Ndimo yalimo maneno "Furahini katika Bwana siku zote", na Paulo aliyaandika akiwa kifungoni. Lakini sura ya 2, mstari wa 27, akieleza jinsi Epafrodito, mjumbe wa Wafilipi kwake, alivyougua karibu na kufa, anasema Mungu alimhurumia mgonjwa yule, na Paulo pia, asije akawa na "huzuni juu ya huzuni". Huzuni moja, basi, alikuwa nayo tayari. Furaha na huzuni zilikaa katika moyo mmoja na barua moja. Na kwenye 4:11 anasema "nimejifunza" kuwa radhi. Kujifunza kuna mazoezi.

Zoezi ninalolipendekeza ni Zaburi ya 13, kwa kuwa ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko, "hata lini" ikirudiwa mara 4. Miwili inayofuata ni ombi, na miwili ya mwisho ni tumaini na wimbo. Isome kwa sauti dakika 15 kila siku, kwa siku 7. Ukifika mwisho wa mstari wa 2, simama. Andika kwenye daftari "hata lini" zako mwenyewe, na kila jambo ulitaje kwa jina lake: andika "kodi ya miezi 3", usiandike "changamoto za maisha". Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaomba kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla hayagusi kidonda. Halafu omba jambo moja, la leo. Mstari wa 5 usome hata moyo ukiwa mkavu, maana Daudi anasema "Moyo wangu na uufurahie wokovu wako". Anauagiza moyo, hausubiri uanze wenyewe.

Ziko siku ambazo mstari huo utagoma kutoka mdomoni. Usijilazimishe. Siku hiyo sali Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila shangwe yoyote. Nayo imo katika Biblia, kwa hiyo ni sala halali kabisa.

Mwili nao usisahauliwe. Elia alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndipo akapata nguvu ya kwenda mlima Horebu. Kwa hiyo mtu ambaye hajalala siku 3 asiongezewe mkesha, na aliyepoteza hamu ya kula asipangiwe mfungo. Hali hiyo ikifika wiki 2, apelekwe hospitali. Akianza kusema anataka kufa, apelekwe siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake. Dawa na maombi havigombani.

Neno la mwisho ni kwa majirani na wanajumuiya. Paulo anasema alifurahi sana Wafilipi walipomkumbuka kwa msaada (4:10), na aliyeubeba msaada huo ni Epafrodito yuleyule. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, kimya. Walimwumiza walipoanza kumweleza sababu za mateso yake. Basi peleka unga, teka maji, kaa naye hata saa nzima bila kuhubiri. Akitaka Neno, msomee ile mistari 2 ya kwanza ya Zaburi ya 13, kisha nyamaza. Akiwa tayari, mwenyewe atakuambia uendelee.