Uliza gari lilikuwa linabeba nini, ndipo uulize kilomita

Mwezi wa 3, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, nilikwama kwenye mteremko wa kijiji kimoja upande wa Kalinzi, hapa Kigoma, na magunia 8 ya maharage nyuma ya gari. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Wiki 5 kabla nilikuwa nimenunua Hilux ya mtumba ya fowili, yaani inayoweza kuvuta kwa matairi yote manne, na siku kama ile ndiyo niliyoinunulia. Nikashuka, nikafunga habu za mbele, zile za katikati ya matairi zinazoyaunganisha na fowili, nikarudi ndani nikavuta gia ndogo ya kuingizia fowili. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Nikakanyaga mafuta.

Matairi ya nyuma yakarusha tope mpaka kwenye migomba. Ya mbele yakatulia tuli, kama wageni wanaosubiri kutambulishwa. Kijana mmoja aliyekuja kusukuma akainama, akachungulia uvunguni, kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Shikamoo. Samahani mzee, propela ya mbele umeiacha nyumbani?"

Haikuwepo, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi ya mbele. Krosi zake, yaani viungio vyake, ziliwahi kuchoka, gari likawa linapiga kelele, na mtu fulani kabla yangu akaona dawa ni kuifungua propela yote na kuiweka pembeni. Gia ndogo ikabaki na taa ikabaki, kwa sababu taa ile inasoma kwenye gia boksi tu, haijui kinachoendelea huko kwenye matairi. Propela ya mtumba ilinigharimu shilingi 450,000 baada ya kuitafuta karibu mwezi mzima. Na aliyeniuzia siwezi kumwita mwongo. Nilimuuliza, "Fowili inaingia?" Akanijibu, "Inaingia." Kweli, ilikuwa inaingia.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimelijaribu gari kutoka Mwanga hadi Kibirizi na kurudi, juu ya lami, redio ikiimba.

Tangu siku hiyo nimenunua magari mengine mawili na nimewakagulia shemeji, majirani na wafanyabiashara wenzangu wa maharage na mawese zaidi ya ninaowakumbuka. Swali langu la kwanza siku hizi halihusu kilomita. Kilomita zinarudishwa nyuma na mtu mwenye nusu saa ya kupoteza. Nauliza: hili gari lilikuwa linabeba nini? Hapa kwetu Kigoma majibu huwa ni machache, na kila jibu lina ugonjwa wake.

Chumvi ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Uvinza watu wamechemsha chumvi ya chemchemi tangu enzi za misafara, na pikapu zilizobeba mzigo ule zipo nyingi. Ukitazama bodi unaona gari safi, limepigwa rangi linang'aa. Chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, ndiyo inayoliwa, tena kwa ndani, kwa sababu ni kama boksi na maji ya chumvi yakishaingia hayana pa kutokea. Lala chini na nyundo ndogo. Gonga taratibu kuanzia mbele hadi nyuma, hasa zinaposhikiwa springi na pale bodi ya nyuma inapokalia. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito iliyokufa, na wakati mwingine nyundo inazama kabisa. Ukikuta chesesi imepakwa rangi nyeusi juzi tu huku gari lenyewe ni la miaka 20, uliza rangi hiyo inaficha nini. Kuna jamaa yangu alikuta kiraka kilichochomelewa juu ya kiraka kingine.

Samaki wanafuata. Ziwa letu la Tanganyika ni la maji baridi, halitafuni chuma kama bahari inavyotafuna magari ya pwani, kwa hiyo usimwogope muuzaji kwa sababu tu anakaa karibu na mwalo. Lakini gari linalorudishwa nyuma mpaka majini pale Katonga kuvuta mtumbwi linaingiza maji kwenye difu, lile boksi la gia katikati ya matairi, na barafu inayoyeyuka na damu ya samaki huozesha sakafu ya bodi. Mawese ndiyo mzigo wenye huruma. Yananuka, yanachafua, ila chuma kilicholoa mafuta hakipati kutu. Nikisikia harufu ya mawese kwenye pikapu kuukuu huwa natabasamu.

Halafu kuna magari ya miradi. Wilaya za Kasulu na Kibondo zimekuwa na kambi za wakimbizi kwa miaka mingi, Nyarugusu na Nduta mkizijua, na mashirika yanapobadilisha magari yao, Land Cruiser mkonga, zile zenye bomba la kuvutia hewa lililopandishwa kando ya kioo, zinaingia mnadani. Wengi wanazikimbia kwa sababu zinasoma kilomita 300,000 na zaidi. Mimi nazikimbilia. Kilomita zile mara nyingi ni za kweli, na gari limefanyiwa sevisi kwa ratiba, tena kwa kitabu. Omba kitabu hicho. Bora hilo kuliko gari la "kilomita 89,000" ambalo mpira wa pedali ya klachi umelika mpaka chuma kinaonekana. Ubaya wa gari la mradi ni madereva wengi na barabara za vumbi miaka 10 mfululizo, yaani bushi, shokapu na kila kinachotikisika kimetikisika vya kutosha.

Na kuna mtego wa karatasi. Gari lenye namba za DFP, yaani la mradi wa wafadhili, liliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Likihamia kwa mtu wa kawaida, ule msamaha hauhami nalo; ushuru unadaiwa. Muuzaji akikwambia "kadi ipo, namba tutabadilisha tu", mjibu mtakutana TRA, kwa watu wa mapato, kwanza, na hela itoke mkononi mwako baada ya kujua nani analipa ushuru huo. Papo hapo linganisha namba ya chesesi na ya kwenye kadi. Kwenye Toyota za aina hii huwa imegongwa kwenye chesesi yenyewe, mbele upande wa kulia. Kwangua tope uisome kwa macho yako. Faini za trafiki nazo zinaonekana kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya gari, dakika 2 tu. Kuhusu yale ya usukani wa kushoto yanayovuka mpaka, bila karatasi za forodha usiulize hata bei.

Injini sasa. Mwambie muuzaji utafika saa 2 asubuhi, kisha fika saa 1 kasoro. Weka kiganja juu ya injini kabla ya salamu kuisha. Ikiwa ya moto, kuna mtu ameiamsha mapema kwa sababu anayoijua yeye. Injini ya dizeli iliyochoka hujifichua ikiwa ya baridi: inasumbua kuwaka, inafuka, inapiga misi. Moshi mweupe kidogo wa asubuhi sio kesi. Moshi wa bluu usioisha ni oili inayoungua.

Likiwa linaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kuwekea oili, kigeuze na ukilaze juu ya tundu lake. Kikitetemeka tu, sawa. Kikirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage na moshi ukapumua pale, ringi za pistoni zimechoka.

Zimechokaje? Mara nyingi kwa vumbi. Watu wanapenda mkonga kwa urembo, wakidhani ni wa kuvukia mito tu. Kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu yenye vumbi kidogo, na ukiwa na ufa au mpira wake wa kuungia umepasuka, injini inakula vumbi la barabarani moja kwa moja. Toa chujio la hewa, pitisha kidole kwenye upande wa hewa iliyokwisha kuchujwa. Kidole kikitoka chekundu, umeshapata historia ya gari zima. Kisha ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao injini ikiwaka. Injini inatakiwa ikabwe, izime. Isipozima, inapata hewa kutoka mahali ambapo haikutakiwa.

Rejeta ifungue ikiwa ya baridi, usije ukaungua uso. Maji yenye utando wa mafuta, au mapovu yasiyokoma injini ikiwaka, ni gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, au hedi yenyewe imeharibika. Hapo tofautisha injini na injini. Ile 1HZ ya mkonga, silinda 6, lita 4.2, haina tabo, yaani feni ya kuisukumia hewa, na ni mvumilivu sana. Shida yake ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 na ukikatika injini inaumia vibaya. Mwenye gari asipokuwa na ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu kwamba unaubadilisha wewe, wiki hiyo hiyo. 1KZ yenye tabo, inayopatikana kwenye Prado na Surf za zamani, inavuta vizuri lakini hedi yake hupasuka ikishachemka. Kwa hiyo ukipenda Prado ya 1KZ, jaribio la mlima ni lazima.

Mlima tunao. Nenda Mwandiga, shika barabara ya Manyovu, panda na watu wanne ndani. Macho kwenye geji ya joto njia nzima. Kushuka, weka gia ya 2 na uachie mafuta. Gia ikichomoka yenyewe, gia boksi inaomba hela. Mkirudi, tafuta uwanja wa udongo, usifanye hili kwenye lami kavu. Ingiza fowili, kata kona kali polepole. Usukani unatakiwa uwe mzito na gari livutane kidogo, kwa sababu matairi ya mbele yanafanya kazi. Likizunguka kwa wepesi kama teksi, chungulia uvunguni. Mnajua ninachochungulia.

Na difu. Nina spana namba 24 ambayo siendi kukagua gari bila kuwa nayo, kwa ajili ya nati ya kuwekea oili tu. Mwaka juzi nilikwenda Kasulu kuona mkonga mmoja uliotoka mnadani, kila kitu kizuri, nikatoa spana. Muuzaji akacheka: "Mzee wangu, unanunua gari au unafanya upasuaji?" Nikafungua ya mbele, nikaingiza kidole, kikatoka na oili ya rangi ya chai ya maziwa. Gari lilivuka mto, difu likiwa la moto likapoa ghafla na, kwa kuwa kipumulio chake kilikuwa kimeziba, likavuta maji kupitia sili iliyochoka. Muuzaji akaacha kucheka. Tukakaa kivulini, tukapiga hesabu ya oili, sili na beringi, tukaitoa kwenye bei yake pamoja na siku mbili za fundi.

Ndilo ninalobebea maharage sasa. Kipumulio chake nimekiunga mpira mrefu, nikaupandisha na kuufunga karibu na eaklina, nyumba ya chujio la hewa, juu kabisa, na propela zote mbili zipo. Nilizihesabu kabla ya kulipa.