Serikali ikibana matumizi, ianzie wapi?

Tangu Rais William Ruto alipouondoa Mswada wa Fedha wa 2024, uliopendekeza kodi mpya, kufuatia maandamano ya vijana, maswali kuhusu kupunguza matumizi ya serikali ya Kenya hayajakoma. Leo nayajibu matano.

Kwa nini serikali isipunguze kwanza malipo ya madeni, badala ya kugusa shule na hospitali? (Mfanyabiashara, Mombasa)

Haiwezi kufanya hivyo kwa amri tu. Kifungu cha 214 cha Katiba kinaagiza deni la umma lilipwe moja kwa moja kutoka mfuko mkuu wa serikali. Na anayekawia hukamuliwa zaidi. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili ilipe mapema sehemu kubwa ya deni la dola bilioni 2 lililochukuliwa 2014 kwa riba ya asilimia 6.875. Tunachoweza kupunguza leo ni deni la kesho, yaani kuacha kutia saini miradi mipya ilhali ya zamani haijakamilika.

Kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungefyeka nini kwanza? (Mwanafunzi wa chuo kikuu, Eldoret)

Ningeuliza maswali mawili kuhusu kila fungu: fedha hizi zikikosekana mwezi huu, nani ataumia? Na je, gharama hiyo itaturudia ikiwa kubwa zaidi?

Kwa kipimo hicho, anasa za ofisi kubwa ndizo za kwanza. Julai 2024 Rais alitangaza kuondoa bajeti za ofisi za mkewe na mke wa Naibu Rais, kupunguza washauri kwa nusu, kusimamisha ununuzi wa magari kwa miezi 12 na kuzuia safari zisizo za lazima. Pengo la bajeti lililotajwa baada ya mswada kuondolewa lilikuwa shilingi bilioni 346, na hatua hizo zisingeliziba. Hata hivyo naziunga mkono kwa dhati, maana huwezi kumwomba mama wa kijijini avumilie kukosa dawa huku misafara inanunuliwa magari mapya.

Siku hiyo hiyo yalitajwa mashirika 47 ya serikali yenye majukumu yanayogongana, ya kuvunjwa. Sawa, ila tusitarajie muujiza. Wafanyakazi walikuwa wahamishiwe wizara na idara nyingine, na mishahara yao inawafuata. Kinachookolewa ni marupurupu ya bodi, kodi ya majengo na gharama za uendeshaji.

Fedha nyingi ziko kwenye miradi, na hapo ndipo panapohitaji akili tulivu. Barabara ikisimamishwa katikati, mkandarasi anaendelea kudai, na riba ya malipo yaliyocheleweshwa inapanda. Iliyokaribia kukamilika imalizwe. Ambayo haijaanza isubiri.

Ninachokipinga kabisa ni kukata kila wizara kwa asilimia ile ile. Kunaonekana ni haki, lakini kunaiweka chanjo ya mtoto katika mizani moja na chai ya mikutano.

Binti yangu ni daktari. Mbona tunaambiwa malipo ya madaktari wanagenzi ni mzigo? (Mzazi, Nakuru)

Mzee wangu, uchungu wako nauelewa. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikasema ina 70,000. Mgomo wa madaktari uliofuata, ambao suala hilo lilikuwa kiini chake, ulidumu siku 56. Wenye uwezo walikwenda hospitali za kibinafsi, wengine wakaugulia nyumbani. Desemba mwaka huo serikali ilikubali kulipa kwa mujibu wa mkataba ule ule. Hapa gharama iliwaangukia wagonjwa, na mkataba ukabaki pale pale.

Kaunti nazo ziliguswa? (Msomaji, Kisumu)

Ndiyo. Mgao wao wa 2024/25 ulishuka kutoka shilingi bilioni 400 zilizopitishwa awali hadi bilioni 387.4. Katiba inalinda asilimia 15 ya mapato yaliyokaguliwa, na mgao huo uko juu ya kiwango hicho, kwa hiyo sheria haikuvunjwa. Mimi ningeuacha, kwa sababu zahanati ziko mikononi mwa kaunti.

Nitajuaje kama kweli wamepunguza? (Mwalimu, Kitui)

Usitosheke na hotuba, mwalimu. Fuatilia bajeti ya ziada. Kifungu cha 223 cha Katiba kinairuhusu serikali, kwa mahitaji yasiyotarajiwa au yasiyotengewa fedha za kutosha, kutumia fedha kabla ya idhini ya Bunge, mradi zisizidi asilimia 10 ya zile zilizoidhinishwa mwaka huo, kisha iombe idhini ndani ya miezi miwili. Kilichofutwa Julai kinaweza kurejea kwa mlango huo kabla mwaka wa fedha haujaisha. Kisha soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo Katiba inataka ziwasilishwe Bungeni kila miezi minne. Anza na wizara yako ya elimu: tafuta mafungu ya safari za nje na ukarimu, uyalinganishe na ya mwaka uliotangulia, kisha umpelekee mbunge wako tarakimu hizo kabla hajapigia kura bajeti inayofuata.