Maswali na majibu: Pupusa ya moto kutoka kibanda cha mtaani

Pupusa ni mkate bapa wa mahindi kutoka El Salvador. Unene wake ni wa kidole, na ndani hufichwa jibini, maharage au nyama kabla haujachomwa kwenye chuma cha moto. Kwao ni chakula cha jioni na cha asubuhi, cha mwenye gari na cha kibarua. Mwaka 2005 Bunge la nchi hiyo liliitangaza kuwa chakula cha taifa, na Jumapili ya pili ya Novemba ikawa siku yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992 viliwakimbiza Wasalvador wengi hadi Los Angeles, Houston na vitongoji vya Washington, nao wakaenda na pupusa yao. Ndiyo maana wasomaji wetu walioko huko wanaikuta kwenye kona ya mtaa, na walioko nyumbani wanataka kuipika.

Ubao wa kibanda cha jirani umeandikwa revuelta, queso con loroco, frijol con queso na ayote. Nianze na ipi? (Msomaji, Silver Spring, Maryland)

Anza na frijol con queso: maharage madogo mekundu yaliyopondwa na kukaangwa, pamoja na jibini. Hiyo ndiyo ya kupimia kibanda, maana haina pa kujificha. Unga ukiwa mbaya au maharage yakiwa na majimaji, utajua kwa tonge la kwanza.

Revuelta maana yake iliyochanganywa: jibini, maharage na chicharrón. Neno hilo la mwisho huwachanganya watu. Kwa Wamexico, chicharrón mara nyingi ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikawa kavu. Ndani ya pupusa ni nyama ya nguruwe iliyopikwa, kisha ikasagwa pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili hoho hadi ikawa laini ya kupakika. Loroco ni vitumba vya maua ya mmea utambaao, vya kijani, vyenye harufu kali kidogo. Huchanganywa na jibini na hutafutwa sana na wanaoijua. Ayote ni boga, laini na tamu kidogo.

Pupusa mbili zinamtosha mtu mzima. Sema tu: "Dos de frijol con queso, por favor," yaani mbili za maharage na jibini, tafadhali.

Mimi ni Muislamu. Nikiagiza ya maharage peke yake, nimesalimika? (Msomaji, Houston)

Si lazima, na ni vizuri umeuliza kabla ya kula. Nguruwe huingia kwa njia tatu. Ya kwanza ni chicharrón, na hiyo imo ndani ya kila revuelta hata kama ubao haukutaja nyama. Ya pili haionekani: maharage mara nyingi hukaangwa kwa manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Ya tatu ni chuma chenyewe na mikono, kwa kuwa vibanda vingi vina chuma kimoja, na mafuta ya revuelta iliyopasuka hutambaa hadi kwa jirani yake.

Uliza hivi: "¿Los frijoles llevan manteca de cerdo?", yaani maharage yana mafuta ya nguruwe? Ukijibiwa "aceite", yamekaangwa kwa mafuta ya mimea. Kisha uliza: "¿Es la misma plancha para el chicharrón?", yaani chuma ni hichohicho cha chicharrón? Muuzaji akisema ndiyo, jibini na loroco haitakuokoa, kwa sababu imeiva juu ya mafuta yaleyale. Vipo vibanda visivyopika nyama kabisa. Ukikipata kimoja, kishike. La sivyo pika nyumbani, ambako hata kimeng'enya kilichogandisha jibini, ambacho huweza kutoka kwa mnyama, unaweza kukisoma kwenye pakiti.

Kwa nini huku nalipa dola 3 na nusu, na nasikia El Salvador ni chini ya dola moja? (Msomaji, Los Angeles)

Ulivyosikia ni kweli. Kule pupusa ya maharage na jibini kwa kawaida huuzwa kati ya senti 50 na dola moja, na ni dola hiihii ya Marekani, maana nchi hiyo inaitumia tangu 2001. Unacholipia Los Angeles ni jibini ya bei ya huko, gesi, kibali, na zaidi ya yote mikono: kila pupusa hufinyangwa moja moja. Hata hivyo, dola 7 kwa pupusa mbili, mlo kamili wa moto, kabichi na mchuzi vikiwa bure, ni bei ya haki, na hatushauri mtu kuomba punguzo.

Nitakijuaje kibanda kizuri kabla sijatoa pesa?

Tega sikio kwanza. Pa, pa, pa ya viganja ina maana pupusa inatengenezwa baada ya kuagizwa. Tazama bakuli la unga: lifunikwe kwa kitambaa kibichi, kando yake bakuli la maji na mafuta kidogo ya kulowanisha mikono. Anayepokea pesa asiwe ndiye anayefinyanga, au awe ananawa kila mara. Kwenye chuma utafute madoa ya kahawia na vipande vya jibini vilivyovuja pembeni vikakauka, wajuzi huvigombania.

Ukiona rundo la pupusa zilizoiva zamani zimefunikwa kwa karatasi ya alumini, pita. Mvuke umeshalainisha ganda, na ganda likishalainika halirudi. Ya kuagiza huchukua dakika 10 hadi 15. Ngoja.

Nimejaribu kwa unga wa sembe na maji ya moto. Donge linapasuka kila nikilibonyeza, na likiiva ni kama ugali uliochomwa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

Mikono yako haina kosa. Kosa liko kwenye unga. Mahindi ya pupusa ni meupe kama yetu, lakini kabla ya kusagwa huchemshwa na chokaa. Chokaa hulegeza ganda la punje na gundi iliyomo ndani yake, wanga huvimba kiasi, na kalsiamu husaidia kuvishikanisha. Sembe imekobolewa na kusagwa kavu, kwa hiyo haina cha kushikana hadi iwe ugali, na ugali haufinyangiki upendavyo.

Njia kamili ni hii. Chukua kilo 1 ya mahindi meupe makavu, maji lita 3, na gramu 10 za chokaa ya chakula, kama kijiko kimoja cha mezani. Koroga chokaa kwenye maji, tia mahindi, chemsha kwa moto mdogo dakika 30 hadi 45, mpaka ukifikicha punje ganda liteleze. Zima, funika, acha usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, osha mara tatu au nne huku ukifikicha. Kisha saga yangali na unyevu, kwa mashine ya mkono ya kusagia nafaka au kupitisha mara mbili kwenye mashine ya nyama. Blenda hudai maji mengi, ukaishia na uji.

Tahadhari mbili. Chokaa iwe ile iliyozimwa na iliyo salama kwa kuliwa, isiwe ya kupakia ukuta wala chokaa hai, ambayo huchoma ngozi ikikutana na maji. Na usitumie sufuria ya alumini, maana chokaa huila. Tumia ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Wengine wameuliza kuhusu magadi. Yatalainisha ganda, lakini hayana kalsiamu, na yakizidi huacha ladha ya sabuni.

Walioko Ulaya na Marekani wana njia fupi: masa harina, unga uliokwisha kupitia chokaa na kukaushwa. Vikombe 2 vya unga, nusu kijiko cha chai cha chumvi, kikombe 1 na nusu cha maji ya vuguvugu. Kanda, funika dakika 15, kisha ongeza maji kwa kijiko hadi uwe laini kama udongo wa kufinyangia. Usichukue unga wa arepa, mkate wa mahindi wa Venezuela na Kolombia, ukidhani ni kitu kimoja: huo hupikwa kabla ya kukaushwa, haupiti kwenye chokaa.

Lakini kwa Mwanza, njia ya karibu zaidi ni mchele, na huko si kukwepa mila. Olocuilta, mji ulioko kwenye njia kati ya San Salvador na uwanja wa ndege, unasifika kwa pupusa za mchele. Weka vikombe 2 vya unga laini wa mchele na chumvi, mimina kidogo kidogo kama kikombe 1 na nusu cha maji yanayotokota, koroga kwa mwiko, na unga ukivumilika mkononi kanda hadi uwe laini. Lazima maji yatokote, kwa sababu ndiyo yanayoutia unga mnato. Ganda lake huwa jeupe na kavu zaidi kuliko la mahindi.

Unga wangu ni sahihi ila jibini humwagika yote kwenye chuma. (Msomaji, Nairobi)

Ikivuja kidogo ni neema. Ikimwagika yote, kuna pahali ganda ni jembamba au jibini ina maji. Lowanisha viganja kwa maji yenye mafuta. Chukua donge la gramu 80 hadi 90, kubwa kidogo kuliko yai, lichimbe kwa kidole gumba liwe kama kikombe chenye kuta sawa. Tia vijiko viwili vya mezani vya vitu vya ndani, si zaidi. Kusanya mdomo kama wa mfuko wa kamba, nyofoa unga uliozidi, kisha lipige kutoka kiganja hiki hadi kile huku ukilizungusha, mpaka lifike upana wa sentimita 10 hadi 12 na unene wa sentimita 1. Mpasuko wa ukingoni uzibe palepale kwa kidole kilicholowa.

Jibini yao huitwa quesillo, nyeupe na yenye kuvutika. Badala yake tumia mozzarella kavu ya kipande, si ile inayoelea majini. Ikwangue, kisha ikande kwa mkono hadi iwe donge moja, maana nyuzi zilizosimama hutoboa unga. Maharage nayo yakaangwe hadi mwiko ukipita uache njia kwenye sufuria na njia isizibe upesi.

Chuma cha chapati kinafaa. Moto wa kati, mafuta ya kupaka tu, dakika 4 hadi 5 kila upande. Isipobanduka yenyewe bado haijawa tayari kugeuzwa. Usiikandamize kwa mwiko kama chapati. Hapo ndipo wengi huipasua.

Ile kabichi ya pembeni ni kachumbari?

Ni binamu yake wa siki. Huitwa curtido. Kata kabichi ya kilo 1 nyembamba, mwagia maji yanayochemka, hesabu dakika moja, chuja na kamua. Changanya na karoti 2 zilizokwanguliwa, nusu kitunguu, nusu kikombe cha siki, robo kikombe cha maji, kijiko cha chai cha chumvi na kingine cha oregano kavu, na pilipili ukipenda. Ikae kwenye friji angalau saa nne. Kesho yake ni tamu zaidi. Ukiruka kuikamua, siki huzimuliwa na kila kitu hupooza.

Mchuzi wa pupusa ni mwepesi kwa makusudi: nyanya, kitunguu, kitunguu saumu na hoho, chemsha, saga, chemsha tena dakika 10. Usiuzidishe unene.

Nile kwa uma?

Kwa mkono. Weka curtido juu, mwagia mchuzi, mega kipande na ubebe vyote pamoja.

Zimebaki nne. Nifanyeje?

Zipoe, ziingie friji ndani ya saa mbili, zile ndani ya siku tatu. Kwa kugandisha, tenganisha kila moja kwa karatasi ya kuokea. Kupasha moto ni kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 3 hadi 4 kila upande, na zilizoganda ziyeyuke kwanza kwenye friji. Maikrowevu hupasha ndani na kuacha ganda kama mpira. Curtido isipashwe, iletwe ya baridi juu ya pupusa ya moto.